Bunduki ya .22 Minnesota: anza na karatasi zako, bunduki iwe ya mwisho

Tangu niweke picha ya kindi wawili niliowawinda kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa huku jimbo la Minnesota, Marekani, nimeulizwa swali lile lile mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, wengine wanauliza kwa utani, wengine wako siriasi kabisa na hela wameshatenga. Swali linakuja hivi: kaka, nataka bunduki ndogo ya .22, yaani ya risasi nyembamba ya sehemu 22 kati ya mia za inchi, ya kulengea shabaha na kuwindia sungura, ninunue ipi? Na mi siku hizi huwa simtajii mtu bunduki, namuuliza kwanza uko hapa kwa karatasi gani. Wengine wanakasirika wanaona nawachimba. Ila soma mpaka mwisho utaelewa kwa nini naanzia huko.

Mi ni mtu wa Iringa. Walutheri wa Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota, wana undugu wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa, wanauita Bega kwa Bega, kwa hiyo nilipohamia huku nikakuta kanisani wazee wa Kizungu wanaokutajia Kilolo na Ipogolo kama vile wamezaliwa huko. Mmoja wao mkulima mstaafu, Septemba ikifika tu Jumamosi humpati, yuko porini. Siku moja baada ya ibada akaniuliza kwenu mnawinda na nini, nikamwambia sisi watoto tulikuwa na manati na mbwa basi, bunduki kijijini ilikuwa gobole la mzee mmoja la kufukuzia ngedere na nguruwe kwenye mahindi, na zile bunduki za Wajerumani ambazo Wahehe walizizoa Lugalo mwaka 1891 baada ya kumwangusha kamanda wao Zelewski, ila hizo tunazijua kwa stori. Mzee akacheka sana. Akaniambia njoo nikuonyeshe ndogo.

Sasa twende kwenye karatasi. Sheria ya shirikisho huku hairuhusu mtu aliyeingia kwa viza ya muda, yaani mwanafunzi, mtalii, viza za kazi za muda, kumiliki bunduki wala risasi. Kuna misamaha michache, mmojawapo ni kuwa na laisensi halali ya uwindaji, lakini hapo usisikilize wa mtaani, mlipe wakili wa uhamiaji saa moja akuangalizie kesi yako, maana ukikosea haiishii kwenye faini, unaweza kupandishwa ndege. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Mi nina grini kadi, nikaona niko salama. Kumbe hata ukiwa nayo kuna mitego.

Ukinunua dukani unajaza fomu inaitwa 4473. Kuna sehemu wanauliza uraia wako na namba yako ya uhamiaji. Usije ukaweka tiki kwenye Marekani kwa haraka au kwa kuona aibu mbele ya muuzaji, kudai uraia ambao huna ni kosa linaloweza kukufungia njia ya uraia maisha yako yote. Andika Tanzania, andika namba yako, tulia. Halafu kuna swali la bangi. Hapa wengi wanaumia kwa sababu Minnesota imeruhusu bangi kwa watu wazima tangu Agosti 2023, mtu anaona ni kama bia tu, ila fomu yenyewe imeandika wazi kwamba kwa sheria ya shirikisho ni haramu hata kama jimbo lako limeruhusu. Ukiandika ndiyo huuziwi, ukidanganya ni jinai. Kama unavuta, sahau bunduki. Chagua kimoja.

Na mtego wa tatu ni marafiki. Kuna kijana mmoja, mwanafunzi, namheshimu sana familia yake, alinifuata akaniambia bro utaninunulia na mimi moja, hela hii hapa. Nilimkatalia akanuna miezi. Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuaji halisi, na kumnunulia mtu asiyeruhusiwa, tangu sheria ya 2022, ni kifungo mpaka miaka 15. Heri anune.

Baada ya karatasi inakuja nyumba. Mke wangu alipinga moja kwa moja na hakuwa na hoja ya kitoto. Alinitajia jina moja tu, Philando Castile. Wa huku wote wanaijua hiyo, Julai 2016, Falcon Heights, pembeni tu ya Saint Paul, mtu mweusi mwenye kibali halali anasimamishwa na polisi barabarani, anasema kistaarabu kwamba ana bunduki, anapigwa risasi mchumba wake na mtoto wakiwa ndani ya gari. Polisi akashtakiwa, akaachiwa 2017. Sasa wewe, ananiambia mama watoto, na hiyo lafudhi yako, unataka kuzunguka na bunduki kwenye gari. Sikuwa na jibu zuri na mpaka leo sina. Tulichokubaliana ni masharti: bunduki inasafiri haina risasi, ndani ya kesi (begi lake) iliyofungwa zipu, kwenye buti, na sheria ya jimbo nayo kwa kawaida inataka isafiri tupu na ndani ya kesi au kwenye buti. Risasi zinakaa mfuko mwingine. Haizungushwi madukani, ni nyumbani kwenda porini na porini kwenda nyumbani. Na ndani ya nyumba inakaa kwenye kabati la chuma, funguo anajua yeye na mimi, risasi ziko chumba kingine. Huku ukiacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia ni kosa la jinai hata kama hakuna kilichotokea. Kabati la chuma nililinunua kabla ya bunduki na hilo ndilo lililomlainisha.

Kozi ya usalama wa silaha ya idara ya maliasili ya jimbo ni lazima kwa yeyote aliyezaliwa baada ya 1979 kama anataka laisensi ya kuwinda. Mtu mzima anaisoma onlaini yote, haizidi dola 50. Isome hata kama unajiona unajua. Mi pale ndio nilijifunza kwamba hiki kirisasi kidogo cha .22 kinaweza kwenda mpaka maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili, na kikigonga maji au jiwe kinadunda kinaenda kwingine. Watu wanakiita cha kitoto kwa sababu hakirushi bega wala hakina kelele nyingi. Hakina utoto wowote.

Haya, bunduki sasa. Mzee alinipeleka uwanja wa shabaha na bunduki zake mbili. Moja Ruger 10/22, hii ndo kila mtu anayo, wameanza kuitengeneza 1964, inajikoki yenyewe, magazini ya risasi 10, nyepesi, bei yake karibu dola 300 na kitu. Nyingine ya kukoki kwa mkono kila risasi, ya Kicheki, CZ. Akanipa ile ya kujikoki kwanza. Aisee ni tamu! Unavuta tu pa pa pa pa, boksi la risasi 50 linaisha kabla kahawa haijapoa, unaangalia karatasi unakuta matundu yamesambaa kila kona. Halafu akanipa ya kukoki. Risasi moja, unainua bolti, unavuta, ganda linaruka, unasukuma, unapumua, unalenga tena. Matundu yakaanza kusogeleana. Mkono ni ule ule na macho ni yale yale, ila ile ya pili inakulazimisha kufikiri kila risasi, na mtu anayeanza anachohitaji ni hicho. Kuna na la usalama pia, ya kujikoki ukishapiga na kupata msisimko wa "nimempata!" ukageuka kumwambia mwenzako, risasi nyingine iko tayari chemba. Sisemi 10/22 ni mbaya, ni bunduki nzuri na spea zake zimejaa kila duka. Nasema kwa anayeanza mi ningeanza na ya kukoki.

Dukani watakuvuta kwenye kipenyo kingine. Kuna .22 Magnum ya 1959 na .17 HMR ya 2002, zinaenda kasi zaidi na mbali zaidi, muuzaji atakwambia mbona hii ni bora. Ni bora kama una shamba wazi na unapiga vitu vya mita mia na zaidi. Kwa kindi na sungura wa mita 20 mpaka 40 unayetaka kumla, hizo zinachanachana nyama, na risasi zake bei mara kadhaa. .22 Long Rifle ya kawaida ipo tangu 1887 na haijaondoka kwa sababu inafanya kazi kwa bei ndogo. Ila swala au paa wa huku usimguse nayo, sheria ya Minnesota kwa wanyama wakubwa inakataa risasi za aina hii ambazo kiwashio chake kiko kwenye ukingo wa ganda. Atateseka tu na wewe utanyang'anywa laisensi.

Kitu ambacho ningependa watu wapoteze muda nacho ni mwili. Nenda dukani, omba kushika, hakikisha haina risasi hata kama muuzaji ameshahakikisha mbele yako, elekeza mahali salama, fumba macho, ilete begani, halafu fumbua. Kama jicho lako limeangukia katikati ya skopu, ile darubini ya kulengea, bila kusogeza shingo, bunduki inakutosha. Kama umefumbua unaona kivuli cheusi, kitako kirefu au kifupi au skopu imekaa vibaya. Mke wangu mfupi, bunduki yangu kwake kitako kimezidi, anajipinda mgongo kama mtu aliyebeba ndoo. Nyingine ni jicho. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, angalia kitu cha mbali kupitia pale, fumba jicho moja moja. Lile ambalo ukilifumba kitu kinapotea ndilo jicho lako kuu. Kuna watu wa mkono wa kulia wana jicho kuu la kushoto, wanahangaika miaka wanalaumu bunduki.

Niliishia kwenye CZ 457, mpya, dola mia tano na kitu. Savage Mark II ilikuwa karibu nusu ya bei hiyo na kwa kweli inapiga vizuri, kama bajeti inabana chukua hiyo bila kujisikia vibaya. Mi nilipenda triga ya CZ inayokatika safi kama njiti ya kiberiti, na uzito wake unaweza kuurekebisha mwenyewe. Nikajaza fomu, muuzaji akawasiliana na mfumo wa FBI, jibu likaja "subiri". Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wanaondoka na bunduki zao, mi naambiwa utapigiwa simu. Hiyo ni kawaida kwa wageni, usitoe povu, usianze kujieleza. Ila nikiri siku zile nililala vibaya, unaanza kuhesabu kila faini ya gari uliyowahi kupigwa. Baadaye wakanipigia, njoo uchukue.

Skopu. Duka moja, silitaji, kijana wa pale aliniuzia skopu ya bunduki kubwa pamoja na vishikizo vya kuifungia ambavyo havikai kwenye mgongo wa CZ. CZ ina mfereji wa milimita 11 umechongwa juu ya chuma chake, vishikizo vya reli ya kawaida havikamati, vinacheza. Nikarudisha vishikizo, wakanirudishia hela pungufu. Na ile skopu ilikuwa imetengenezwa kwa umbali wa yadi 100, ukiwa karibu ukisogeza kichwa kidogo tu alama ya msalaba inatembea juu ya shabaha. Kwa .22 tafuta skopu iliyoandikwa ni ya .22, hizo zimewekwa kwa yadi 50, kama mita 45 hivi. Ukuzaji wa mara 2 mpaka 7 unatosha, usinunue darubini ya kuangalia mwezi. Dola 130 hivi unapata nzuri.

Tukaja kwenye risasi, na hapa ndio nilishangaa kuliko kote. Mzee aliniambia usinunue boksi kubwa, nunua viboksi vya 50 vya aina tofauti. Tukakaa uwanjani asubuhi hakuna upepo, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, shabaha yadi 50, tano tano kila karatasi. Aina ya kwanza ile ya bei chee inayouzwa kwa mamia, matundu matano yakaenea upana wa kisahani cha kikombe. Ya pili CCI Mini-Mag, ile ya kasi, ikakusanya vizuri lakini moja ikakimbia juu. Ya tatu CCI Standard, hii inatoka futi 1,070 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti, matundu manne yakashikana na la tano likawa pembeni kidogo, sarafu ya robo dola inayafunika yote. Ya nne ya Kijerumani, SK, bei zaidi ya mara mbili, ikakusanya zaidi ya hapo kidogo, tofauti ambayo kindi hataijua. Bunduki ni ile ile, mimi ni yule yule, asubuhi ile ile. Halafu mzee akatoa CZ yake, mfano wa zamani kidogo, akapiga ile ile SK, ikasambaa. Yake inapenda nyingine. Kila mtutu una risasi yake na hakuna atakayekwambia ni ipi mpaka ujaribu, na ukibadilisha aina piga kadhaa kwanza ndipo uanze kuhesabu, kwa sababu ndani ya mtutu kuna mafuta ya risasi iliyotangulia. Ukishaipata, nunua nyingi. Mwaka 2020 na 2021 risasi ziliadimika madukani mpaka watu wakawa wanapanga foleni asubuhi.

Hiyo ya chini ya kasi ya sauti ina raha nyingine, kelele ndogo. Ila kwenye baadhi ya za kujikoki haina nguvu ya uhakika ya kusukuma chuma nyuma, inakwama kwama. Hiyo nayo ikanipa sababu ya kushukuru nilichukua ya kukoki.

Ukirekebisha skopu ipige sawasawa kwenye yadi 50, ukipiga 100 risasi inadondoka kama inchi sita au saba, kwa hiyo kuna watu wanasema nilikosa kwa sababu ya upepo, hapana, ulipiga mbali mno risasi ikadondoka. Mi kwa mnyama sizidi yadi 50. Mpaka uweze kuweka tano kwenye mduara wa sarafu ukiwa umekaa, bila mfuko wa mchanga, huna haki ya kumpiga mnyama, hiyo ni sheria ya mzee na nimeichukua.

Msimu wa kindi na sungura unaanza katikati ya Septemba mpaka mwisho wa Februari. Kindi saba kwa siku, sungura kumi, hutafikisha usijali. Lazima uvae kitu cha rangi ya chungwa kali au pinki kali juu ya kiuno. Maeneo ya jimbo ya wanyamapori yako wazi kwa umma, ila soma ramani, na usiwinde ndani ya futi 500 za nyumba yenye watu au mifugo bila ruhusa ya maandishi. Kindi ana akili ya kihuni, akikuona anazunguka upande wa pili wa mti na wewe ukizunguka naye anazunguka. Dawa ni kukaa. Unaegemea mti, unanyamaza robo saa, nusu saa, baridi inakuingia kwenye vidole mpaka unasahau triga iko wapi, halafu unasikia majani makavu yanachakura. Wa kwanza niliyempata alikuwa mgongoni mwa tawi nene la mwaloni, kichwa kimegeuka pembeni. Kabla yake nilikuwa nimewaachia kadhaa kwa sababu walikuwa juu kabisa na nyuma yao ni anga tupu. Mzee hapo hana mchezo, nyuma ya mnyama lazima kuwe na shina au udongo, ukipiga anga hiyo risasi inatua kwenye paa la mtu usiyemjua.

Nyama sasa, kwa wale wa nyanda za juu ni kama simbilisi, nyekundu zaidi kidogo na ngumu kama ni dume zee. Piga kichwa, usiharibu mgongo. Mchune akiwa bado na joto maana akipoa ngozi inang'ang'ania na manyoya yanaenea kwenye nyama yote. Chemsha taratibu na chumvi na tangawizi saa moja na nusu, halafu ndo uunge na nyanya na kitunguu, na ugali wa dona kama umepata. Mama watoto aliyepinga alikula mapaja yote mawili.

Kuhusu hela, mtu aliyeniuliza bei ya bunduki nilimwambia chukua hiyo bei iongeze mara mbili. Kabati la chuma, skopu, vishikizo vya kweli, kesi, kifaa cha kusafishia, vizuia sauti vya masikio, fulana ya chungwa, laisensi, ada za uwanja, hizo risasi za kujaribu. Mi ilivuka dola elfu moja kabla sijapiga kindi. Ukinunua iliyotumika kwa mtu unayemwamini unaokoa, .22 haziishi haraka, mtutu uliotunzwa unapiga maelfu kwa maelfu.

Na mwisho kuna wanaouliza kama nitarudi nayo Iringa. Unahitaji kibali cha kuitoa huku na kibali cha polisi cha kuiingiza Tanzania kabla hata haijapanda ndege, halafu uanze upya mchakato wa leseni ya umiliki. Kwa bunduki ya dola mia tano? Siku nikiondoka naiuza kwenye duka lenye leseni, nachukua risiti yao yenye namba ya bunduki, naiweka kwenye faili moja na makaratasi ya grini kadi.